Nimeambiwa nina ngiri ya tumbo: nipasuliwe au niendelee na vidonge?

Assalaam alaykum Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Tanga, nina watoto wanne. Napika vitumbua na chapati. Naamka saa tisa usiku, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi niko barazani nauza. Nimeifanya kazi hii miaka 16 na ndiyo iliyosomesha wanangu.

Kiungulia kilinianza nilipokuwa na mimba ya mwisho. Mtoto huyo sasa ana miaka 9. Nilijua nikijifungua kitaisha. Kikapungua kweli, kisha kikarudi na nguvu zaidi. Kinaanzia kwenye chembe ya moyo, kinapanda kifuani kama moto hadi kooni. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, maji machungu yanapanda mpaka mdomoni. Usiku ndiyo balaa. Nashtuka usingizini nimepaliwa, nakohoa mpaka mume wangu anaamka kuniletea maji. Asubuhi sauti imekauka, wateja wanadhani nina mafua.

Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara tatu, kila mara dozi ya wiki mbili. Hakuna hata mara moja nilipopimwa. Napata nafuu mwezi mmoja, halafu narudi pale pale. Mwaka huu ndipo nikapelekwa kupimwa kwa kamera ya kupitishwa mdomoni. Karatasi inasema nina ngiri ya kuteleza kwenye kiwambo, sentimita 3, na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, umechubuka daraja B.

Daktari wa kwanza akaniandikia omeprazoli miligramu 20. Wa pili, ambaye ni wa upasuaji, akasema dawa kamili ni kupasuliwa. Omeprazoli nameza usiku nikishakula, na kiungulia kikinizidi nameza mbili. Nikiona nafuu naacha, kwa sababu nimesikia zinaharibu figo na mifupa ukizitumia muda mrefu. Kikinibana sana nakoroga magadi kidogo kwenye maji. Vilevile natumia amlodipini ya presha, na mgongo ukiuma nameza diklofenaki. Nina kilo 84, urefu sentimita 158. Chakula cha usiku tunakula saa mbili, saa tatu nimeshalala kwa uchovu. Mchana nikishakula najiegesha saa moja. Ramadhani iliyopita nilishindwa kufunga siku 11.

Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka yangu yuko Maskati, anasema niende huko nipasuliwe, gharama zote juu yake, ila nimpe jibu kabla mwezi haujaisha. Mume wangu anasema ngiri ni ugonjwa wa wanaume, mwanamke hapati ngiri, na amenunua dawa ya unga kwa mzee mmoja. Mama mkwe anataka nikandwe tumbo "lishuke". Jirani naye kaniambia ngiri ikijinyonga unakufa siku hiyo hiyo, tangu hapo silali vizuri hata kiungulia kisipokuwepo.

Nikienda, kazi yangu itashikwa na nani? Nisipokwenda, kaka ataona nimemdharau. Na nikimeza vidonge maisha yangu yote, si nitakuwa nimejiua polepole? Nisaidieni.

Mama Vitumbua, Tanga

*

Waalaykum salaam dada yangu, na pole. Miaka tisa ya kuamka usiku umepaliwa si kitu kidogo, hasa kwa mtu ambaye saa tisa lazima awe jikoni. Barua yako ina mambo mawili yaliyosukwa pamoja: kuna mwili wako, na kuna watu wanaokupenda ambao kila mmoja ameshika tiba yake mkononi. Nianze na mwili, maana ukiuelewa huo utajua namna ya kuzungumza na hao wengine.

Kwanza jina. Ngiri ni hali ya kiungo cha ndani kusukumwa nje ya mahali pake kupitia tundu lililolegea. Iliyozoeleka ni ile ya kinena, na hiyo kweli huwapata wanaume zaidi. Kwa hiyo mumeo hakukosea kuhusu ngiri anayoijua. Yako ni nyingine. Kiwambo ni msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na umetobolewa tundu ambalo umio hupita kuelekea kwenye mfuko wa chakula. Tundu hilo likilegea kwa umri, kwa mimba, kwa unene au kwa kukohoa na kunyanyua mizigo miaka mingi, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupenya na kupanda kifuani. Huwapata wanawake kama wanaume.

Sasa tazama kwa nini inaleta moto. Mwisho wa umio kuna msuli wa duara unaofunga mlango ili tindikali isipande. Kiwambo nacho huubana umio pale pale kwa nje. Ni kufuli mbili kwenye mlango mmoja. Mfuko wa chakula ukipanda sentimita 3, kufuli hizo zinaachana, moja inabaki chini na nyingine inakwenda juu, na katikati panatokea kijifuko ambamo tindikali hukaa. Chochote kinachokamua tumbo, kama kuinama, kukohoa, kunyanyua ndoo au kujikamua chooni, huirusha tindikali hiyo juu. Ndiyo maana kwenye mbuzi ya nazi maji yanafika mdomoni: umekaa chini, magoti yamepanda, tumbo limekunjwa, na mikono inasukuma. Na maji hayo ambayo wengi huyaita nyongo, mara nyingi ni tindikali ya mfuko wa chakula.

Hofu ya jirani yako nataka tuiondoe leo. Ngiri za kiwambo ni za aina mbili kubwa. Ya kuteleza, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yako, hupanda na kushuka na ni kiasi cha 95 katika kila 100. Hiyo kujinyonga ni nadra mno. Aina ya pili ni ile ambayo mfuko wa chakula hupanda kando ya umio, na ndiyo inayoweza kujisokota ikakosa damu. Hata hivyo zijue dalili zake: maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo la juu, kichefuchefu cha kujikamua bila kitu kutoka, na kushindwa kumeza hata mate. Hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkono, shingo au taya, yenye jasho au kukosa pumzi, kwa mtu mwenye presha kama wewe usiyaite kiungulia. Uanze kupimwa moyo.

Sasa nikuulize kwa upole. Unasema umetumia omeprazoli na haijakumaliza. Je, imeshindwa kweli, au haijapata nafasi ya kufanya kazi?

Dawa hii haiui tindikali iliyokwisha kutoka. Inafunga pampu ndogo zinazotengeneza tindikali, na inaweza kuzifunga zile tu zilizoamka. Kinachoziamsha ni chakula. Dawa yenyewe hukaa kwenye damu saa chache tu. Kwa hiyo inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu wakati chakula kinaingia, ndiyo maana humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Ukiimeza usiku baada ya kula na ukaenda kulala, sehemu kubwa ya nguvu yake imepotea. Ukimeza mbili kwa mpigo kiungulia kikiwa juu, ni kama kufunga bomba baada ya chumba kujaa maji. Na ukiacha kila unapoona nafuu, michubuko haiponi, kwa sababu michubuko ya umio huhitaji takriban wiki 8 za dawa kila siku bila kuruka.

Kwa ratiba yako ingekuwa hivi: ukiamka saa tisa, kabla ya jambo lolote, meza kidonge kimoja kwa maji, ukiwa umesimama au umekaa wima. Usikitafune wala kufungua ganda ukasaga punje zake, maana zimefunikwa ili zisiharibiwe na tindikali. Anza kukanda na kuwasha moto. Kitumbua cha kuonja na chai visubiri walau nusu saa. Kwa kuwa usiku ndiyo unakusumbua zaidi, muulize daktari wako kama anaona vyema kuongeza kidonge cha pili nusu saa kabla ya chakula cha jioni kwa muda fulani. Hilo aamue yeye, usijiongezee.

Kuhusu figo na mifupa, hofu yako ina chanzo. Tafiti nyingi zilizolinganisha kumbukumbu za wagonjwa ziliona kwamba wanaotumia dawa hizi muda mrefu hupata zaidi matatizo hayo, lakini wanaozitumia huwa pia ni wazee zaidi na wenye maradhi mengine, kwa hiyo ni vigumu kujua kilichosababisha. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililogawa watu zaidi ya 17,000, nusu wakapewa pantoprazoli, ambayo ni ndugu wa omeprazoli, na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa wastani wa miaka 3. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa maambukizi ya utumbo: 1.4 katika kila 100 dhidi ya 1.0. Miaka 3 si maisha yote, na ukitumia muda mrefu zaidi vitamini B12 na magnesiamu vinaweza kushuka, hivyo ni halali kumwomba daktari akupime mara moja kwa mwaka. Lakini nikikutazama wewe, kwa figo na kwa presha ninaogopa zaidi ile diklofenaki na yale magadi kuliko omeprazoli. Diklofenaki huchubua mfuko wa chakula na umio, hupandisha presha na huumiza figo. Magadi yana sodiamu nyingi, na yakikutana na tindikali hutoa gesi inayovimbisha tumbo na kusukuma mlango ule ule uliolegea. Kwa mgongo jaribu kuuliza kuhusu paresetamoli. Na kwa kiungulia cha ghafla kuna vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, mara moja moja, vikiachana na dawa nyingine kwa saa 2.

Amlodipini nayo hulegeza misuli ya mishipa ya damu, na kwa baadhi ya watu hulegeza pia mlango wa umio. Tafadhali usiiache. Mweleze tu anayekutibu presha kwamba una ngiri ya kiwambo, aone kama kuna nyingine inayokufaa.

Jambo lingine la dawa: ukimaliza wiki 8 usikate ghafla. Tumbo lililozoea kufungwa hurudi na tindikali nyingi kuliko kawaida kwa wiki kadhaa, na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Hupunguzwa kidogo kidogo: dozi ndogo kwanza, kisha siku moja ndiyo na moja hapana, hadi ifikie kiwango kidogo kabisa kinachokutosha. Kwa mwenye ngiri, kiwango hicho huenda kisiwe sifuri.

Tuje jikoni kwako, kwa sababu nadhani hapa pana nafuu ambayo hakuna daktari aliyekueleza. Jiko likikaa chini, wewe unainama juu yake saa tatu mfululizo, alfajiri, tumbo likiwa limekunjwa. Liinue. Jenga msingi wa matofali ufike usawa wa nyonga, ukae imara usiyumbe maana kuna mafuta ya moto, upike umesimama. Nazi mpe mtoto mkubwa, au ipelekwe kwenye mashine ya kukunia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: igawe kwenye madumu mawili ya lita 10, na ukinyanyua piga magoti huku unatoa pumzi, usiibane. Khanga usiikaze kiunoni, na kama unavaa mkanda wa kupunguza tumbo ukiwa kazini, uvue. Unabana chini, kilicho ndani kinatafuta njia ya juu.

Kitanda nacho kiinue upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa chini ya kila mguu wa kichwani linatosha, ila weka kipande cha mbao au mpira juu yake mguu usiteleze. Mito mingi haisaidii, inakunja shingo na kiuno, tumbo linabanwa zaidi. Mumeo akilalamika kwamba anateleza chini, siku tatu nne atazoea, au mtengeneze sponji la mteremko la upande wako peke yako. Lalia ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo mlango wa umio unakuwa juu ya dimbwi la tindikali, na ukilalia kulia unakuwa chini yake.

Chakula cha usiku kikisogea saa kumi na mbili jioni, saa tatu utakapolala tumbo litakuwa limepata yale masaa matatu linayohitaji. Usingizi wa mchana ubaki, unauhitaji, lakini ulale kabla ya kula au ukae kwenye kiti chenye mgongo. Kuhusu vyakula sitakupa orodha ndefu ya makatazo, kwa sababu watu hutofautiana. Chai kali, kahawa, pilipili, ndimu, nyanya nyingi, soda na vya mafuta mengi ndivyo vinavyoshukiwa zaidi. Andika kwenye daftari la mauzo, pembeni, ulichokula na saa ngapi kimekuunguza. Baada ya wiki mbili utavijua vinavyokuunguza wewe. Vitumbua vilivyobaki asubuhi visiwe kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Na kilo: kwa urefu wako, kushuka kilo 4 hadi 8 tu huweza kupunguza kiungulia kwa kuonekana.

Kitu kimoja nakuomba ukizingatie hata kama usingekuwa na ngiri. Chai ipoe kabla ya kunywa. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazosumbua sana Afrika Mashariki, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Sisemi unayo. Kamera imepita na imeona michubuko. Ila ikitokea chakula kinakwama, kumeza kunauma, unakonda bila kupenda, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, usikubali mtu akuambie "ni ile ngiri yako tu". Rudi kwenye kamera. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo cheusi, kwa hiyo mweleze daktari kama unavitumia. Na kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu kwanza, hata kama tunashuku tindikali.

Kuhusu vidonda vya tumbo: dozi tatu bila kipimo zinaweza kuwa zilikupa nafuu kwa sababu ndani yake mna dawa ya kupunguza tindikali. Kuna kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda. Ili kiseme kweli, omeprazoli iwe imesimamishwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4. Panga hilo na daktari kabla ya kuanza au baada ya kumaliza zile wiki 8, usikatize katikati. Uliza pia kama kamera ilichukua kipande kupima, huenda jibu lipo tayari.

Sasa upasuaji. Daktari wa pili hakukudanganya. Vidonge hupunguza ukali wa kinachopanda, havirudishi mfuko wa chakula chini wala havifungi mlango. Mtu ambaye shida yake kubwa ni maji na chakula kurudi kooni usiku, kama wewe, upasuaji humsaidia pale vidonge vinapoishia. Hufanywa kwa usingizi kamili kupitia matundu madogo kama matano. Mfuko wa chakula huvutwa chini, tundu la kiwambo hushonwa lipungue, kisha sehemu ya juu ya mfuko huzungushwa kwenye mwisho wa umio kama lemba ili kuubana. Rudolf Nissen aliufanya kwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1955, akizungusha duara kamili. Siku hizi wapo wanaozungusha nusu au robo tatu ili kumeza kusiwe kugumu.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Wiki za kwanza kumeza huwa kwa shida: wiki kama mbili za uji mwepesi, supu na maziwa, kisha vyakula laini hadi wiki ya sita hivi. Ugali, mkate, chapati na nyama kavu ndivyo vinavyokwama zaidi, vinarudi mwisho. Kunyanyua kitu kinachozidi kilo 5 ni marufuku wiki kama 6. Wapo wanaobaki na tumbo la gesi kwa sababu hawawezi tena kupiga mbweu wala kutapika kwa urahisi. Wapo ambao mshono hulegea na ngiri hurudi, na uzito mkubwa huongeza uwezekano huo. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa wa kiungulia sugu miaka 5: waliokuwa bado na nafuu ni 85 katika kila 100 upande wa waliopasuliwa, na 92 upande wa waliomeza vidonge. Lakini soma kwa makini, kwani waliochaguliwa ni wale ambao vidonge viliwakubali tangu mwanzo, na kurudi kwa chakula kooni kulidhibitiwa vizuri zaidi upande wa upasuaji.

Hapo kuna jambo la kukusaidia. Madaktari wa upasuaji wenyewe huwa na matumaini zaidi kwa mgonjwa ambaye vidonge, akivitumia sawasawa, vinamsaidia, kwa sababu hilo linathibitisha kwamba tindikali ndiyo adui. Kwa hiyo wiki 8 za dawa kwa utaratibu hazikuondolei nafasi ya kupasuliwa. Zikikutuliza vya kutosha, huenda hamu ya kisu ikaisha. Zikituliza moto lakini maji yakaendelea kupanda usiku, utakuwa na sababu nzito zaidi ya kwenda. Zisiposaidia hata kidogo, itabidi kuuliza kama tatizo ni hili au kuna lingine. Hatari ya kusubiri ipo, ni usumbufu na michubuko kuendelea, lakini kwa daraja B, ambalo ni la pili kati ya manne (A hadi D), na ngiri ya kuteleza ya sentimita 3 sioni kinachokulazimisha kuamua kabla mwezi haujaisha.

Ukielekea upasuaji, iwe Maskati au hapa nyumbani, uliza haya: amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Atazungusha duara kamili au nusu, na kwa nini? Nitapimwa kwanza nguvu ya umio ya kusukuma chakula na kiasi cha tindikali kinachopanda ndani ya saa 24? Umio dhaifu ukifungwa duara kamili, mtu hushindwa kumeza. Na swali ambalo wengi hulisahau: nikisharudi Tanga, mwezi wa pili chakula kikianza kukwama, nani ataniona? Wakati mwingine panahitajika kupanuliwa kwa kamera, na hospitali za rufaa kama Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi ni safari.

Dawa ya unga sina la kusema kuhusu kilichomo, na wewe pia hujui, hapo ndipo tatizo. Hakuna unga unaoshona tundu la kiwambo. Kumkanda mtu aliyelala chali, tumbo likasukumwa kwa nguvu, ni kuongeza shinikizo lile lile. Mama mkwe anaweza kukukanda mgongo na miguu, utamshukuru na hutaumia.

Ramadhani ijayo ikikukuta, mtaarifu daktari mapema. Wengi humeza kidonge kwa maji na tende moja adhana ikiita, wakaswali Magharibi, ndipo wakakaa kula nusu saa baadaye. Futari iwe ndogo, nyingine baada ya tarawehe, kwa sababu sujudu juu ya tumbo lililojaa mihogo ya nazi na sambusa ni kuinama mara nyingi mno. Daku usilile ukarudi kitandani. Wewe unaamka saa tisa hata hivyo, hilo ni bahati yako. Na michubuko isipokuwa imepona, shehe wako atakueleza ruhusa ya mgonjwa kuliko mimi.

Imebaki familia. Mumeo mpe karatasi ya kamera mkononi, na mwende naye kliniki siku moja. Mtu anayeamka usiku kukuletea maji anatafuta namna ya kusaidia, mpe matofali ya kitanda na ya jiko. Kaka yako naye, nadhani haraka yake ni ya mapenzi na labda ya likizo. Kukubali msaada wake si lazima kuwe kukubali tarehe yake. Unaweza kumwambia: "Kaka, Mungu akulipe. Daktari ana dozi ya wiki nane nataka niimalize kama inavyotakiwa, na majibu yake ndiyo hao wa huko watakayoyataka. Kwa sasa nikipata nauli ya kliniki na mtu wa kunishikia biashara siku mbili, umeshanitibu." Huenda akakataa mwanzoni. Pia huenda wewe mwenyewe, ukishayasoma haya, ukaona usiku unavyokutesa hutaki kungoja, na hilo nalo ni lako kulisema. Ukikubaliana na daktari siku ya kurudi, iandike kwenye kadi yako, na kaka yako mtumie tarehe hiyo hiyo.